Fundi wa Injini Aliyerudi Peke Yake

Siku ya kwanza nilipoingia katika nyumba ya yule mzee wa mtaa wa Clintonville, mjini Columbus, hakunikaribisha kiti. Aliniambia nifungue mkoba wangu.

"Weka kila kitu hapa," alisema, akinionyesha meza ndogo iliyokuwa mlangoni.

Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi miguuni, miwani minene puani. Nikatoa simu, kitambaa cha kichwa, chupa ya maji, kopo la wali na maharage, na Biblia yangu ndogo. Akaviinamia kimoja kimoja, karibu pua iviguse. Alipomaliza akasema, "Ukitoka jioni tutafanya hivi tena."

Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka Louisville, ambako kwa miaka miwili nilifunga maboksi katika ghala moja kubwa. Kila tulipotoka kazini tulipitishwa kwenye mlango wa mashine inayolia ikihisi chuma, na watu wazima tulikuwa tukiomba Mungu kimoyomoyo isilie. Siku moja ilimlilia mwenzangu kwa sababu ya vyuma vya sidiria yake, akavuliwa viatu na mkanda mbele ya wanaume. Mgongo wangu ulipokataa maboksi, na mume wangu akapata kazi ya kiwandani Columbus, nilisoma kozi fupi ya kutunza wagonjwa na wazee. Mzee huyu ndiye wa kwanza niliyepewa na wakala. Nikajiambia: huyu hana mashine, ana macho mabovu tu. Afadhali.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa kwenye chumba cha chakula. Mle kulikuwa na meza ya watu wanane, lakini usingepata mahali pa kuweka sahani moja. Ilijaa karatasi zilizopangwa kwa mafungu, kila fungu limefungwa uzi na kukandamizwa kwa jiwe. Juu ya kabati palikuwa na picha za wanaume wenye masharubu, watu wa zamani ambao bila shaka walikwisha kufa, na mchoro wa chombo kifupi, kipana, chenye dohani moja nyeusi. Mzee aliniambia nisifute vumbi humo, nisifungue dirisha la humo, na nisiingie humo isipokuwa ameniita.

Siku ya tatu, nikibadilisha mashuka yake, nilikuta daftari chini ya mto. Lilikuwa wazi. Kwa sababu ya macho yake aliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, hata mimi niliyesoma Kiingereza ukubwani niliweza kuzifuata. Aliandika saa niliyoingia, na dakika zake. Aliandika kwamba nimepita karibu na chumba cha chakula mara mbili. Aliandika kwamba nimeongea kwenye simu kwa lugha yangu na kwamba nimecheka.

Jioni nilimwambia mume wangu. Alikuwa anakula, akaacha.

"Donc anakuandikaka?" akaniuliza.

"Ananiandika."

"Saa ya kuingia na saa ya kutoka?"

"Na saa ya kwenda choo."

Akasukuma sahani. Sisi ni watu wa milima ya Kivu Kusini, na watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa maana ya kuandikwa. Kule, mtu akianza kupita nyumba kwa nyumba na kalamu, akiuliza nani analala wapi, ulikuwa unafunga mizigo kabla hajafika kwako. Tulikimbia mara mbili maishani, na mara zote mbili ilianza na mtu mwenye daftari.

"Bon," alisema mume wangu. "Kesho usirudi, mama."

Nilirudi. Nilitaka kujua ananiandikia nani.

Basi nikaanza kumpeleleza mzee kama alivyokuwa akinipeleleza mimi. Nilikariri fungu gani la karatasi amelifungua, na nani amempigia simu. Siku moja, nikiwa jikoni namkorogea uji, nilimsikia akizungumza na ofisi fulani. "Nataka majina yote ya waliokufa," alisema. Akasikiliza kidogo, kisha akaongeza, "Na la yule aliyepona. Hasa la yule aliyepona." Nikaacha kukoroga. Uji ukaungua.

Binti yake alikuja kila Jumamosi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, nywele fupi, funguo za gari hazimtoki mkononi. Hakunichukia, lakini hakuna kabati ambalo hakulifungua kabla ya kuvua koti. Jumamosi ya pili alinitoa nje barazani, akafunga mlango nyuma yetu.

"Baba yangu amekupa kitu chochote?"

"Hapana."

"Amekuomba utie sahihi karatasi yoyote? Uwe shahidi wa jambo lolote?"

"Hapana, mama."

"Akikupa karatasi, kataa. Kisha unipigie mimi."

Nikajua kwamba karatasi zile zinaogopwa hata na mtoto wake. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku na yeye. Niliona anavyomtazama baba yake akiziinamia, nikadhani anangoja afe azichome.

Majira ya baridi yalipofika, macho ya mzee yalizidi kufifia. Asubuhi moja nilimkuta mezani, lenzi kubwa mkononi, anapiga meza kwa ngumi, taratibu, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba isiyo na watu. Mbele yake palikuwa na kitabu cha zamani chenye jalada lililoliwa na unyevu.

"Unajua kusoma?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kidogo, bwana."

"Kidogo inatosha. Anayejua sana huruka maneno. Kaa hapo."

Ndivyo nilivyoingia katika chumba kile, na ndivyo nilivyoanza kuijua historia ya stima.

Kitabu kile kilikuwa daftari la injini. Lilikuwa limeandikwa na babu wa mzee, baba wa baba yake, aliyekuwa fundi wa injini kwenye stima ya uvuvi katika Ziwa Erie, miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Nilisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, nikijikwaa. Mwanzoni mzee aliniamini kidogo sana. Alikuwa amekariri baadhi ya kurasa tangu macho yalipokuwa mazima; ghafla angesema, "Rudi mistari mitatu," nami ningesoma tena, naye angesikiliza kama nimebadilisha neno. Sikubadilisha. Nilikuwa natokwa jasho na kipupwe nje.

Kwa miezi ile ya baridi nilikijua chombo kile kuliko nilivyoijua nyumba yangu. Kilijengwa Buffalo kwa mbao za mwaloni, wakati wavuvi wa ziwa walipokuwa wakiacha tanga na kuhamia mvuke. Juu ya sitaha kilijengewa kibanda cha mbao ili watu watoe samaki nyavuni bila upepo kuwagandisha vidole. Kilibeba watu sita: nahodha, wavuvi wanne, na fundi. Kabla hakujapambazuka fundi alikuwa amekwisha kuwasha tanuri na kuamsha mvuke. Jua likichomoza wako mbali, wanavuta nyavu zilizolala chini tangu juzi. Walipakia samaki weupe na samaki wengine wa ziwa ndani ya barafu, wakarudi mchana. Mwanzo wa majira ya kuchipua walipita kwa kuvunja barafu ya ziwa kwa kifua cha chombo, na fundi aliandika jinsi mbao zilivyolia.

Injini ilikuwa mpya. Boila, lile pipa la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke, lilikuwa la mitumba.

"Boila lilitoka Louisville," mzee alisema siku moja. "Lilikuwa kwenye chombo cha mtoni kabla ya kununuliwa. Louisville, kama wewe."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu ambalo halikuwa amri wala swali. Lakini badala ya kufurahi nilishtuka. Sikuwahi kumwambia nimetoka wapi.

"Bwana amejuaje?"

"Nilimpigia wakala wako," alisema, bila haya yoyote. "Wewe ungeingiza mtu nyumbani bila kuuliza?"

Tukaendelea. Kadiri tulivyosoma, daftari lenyewe lilianza kunitia hofu. Mwaka wa pili wa stima, fundi aliandika: mirija miwili ya boila inavuja, nimeiziba, mwenye stima ameambiwa. Wiki chache mbele: mirija mitatu, mwenye stima ameambiwa. Kisha: ameambiwa tena. Halafu, ulipokaribia mwisho wa mwaka, manung'uniko yakakatika. Kila siku, kwa mwandiko uleule, maneno yaleyale: boila ni zima. Boila ni zima. Nilisoma kurasa nyingi zisizo na kingine.

"Unaona?" mzee alisema. "Hakuna siku hata moja waliyokaa bandarini kutengeneza. Walitoka kila siku. Boila lilipona lini? Babu yangu alidanganya katika daftari lake mwenyewe."

"Aliambiwa aandike hivyo," nilisema.

Aligeuza kiti chake. "Na wewe umejuaje?"

Nikamweleza habari za ghala la Louisville. Kila asubuhi kulikuwa na fomu ya kutia sahihi kwamba mashine za kubebea mizigo zimekaguliwa, breki ni nzima, mikanda ni mizima. Hatukukagua, hatukupewa muda. Msimamizi alisimama pembeni akiwa ameshika kalamu, akitupatia mmoja mmoja. Mara ya kwanza nilimwambia breki ya mashine moja inateleza. Akaniambia niandike kama wengine. Nikaandika, siku ile na siku zote zilizofuata.

Mzee alinitazama muda mrefu kwa macho yake yasiyoona vizuri. Jioni ile alikagua mkoba wangu kama kawaida, ila Biblia hakuishika.

Ndipo siku iliyofuata akaniambia mwisho wa stima, kwa sababu daftari lenyewe halikuwa na mwisho, lilikoma tu. Mwezi wa kumi na moja, upepo ukiwa mbaya, walitoka kwenda kuokoa nyavu zao. Hawakurudi. Baada ya siku tatu fundi alifika pwani ya upande wa Kanada, peke yake, ndani ya mashua ndogo ya makasia iliyokuwa ikibebwa kwenye sitaha, daftari likiwa ndani ya koti lake. Nahodha na wale wavuvi wanne hawakuonekana tena. Fundi aliporudi Buffalo, watu waliomfahamu walivuka barabara wakimwona anakuja. Akahamia Columbus, ambako hakuna ziwa, akawa mtunza boila la kupashia shule joto mpaka uzee. Hakuwahi kulitamka jambo lile.

"Nilikuwa na miaka tisa," mzee alisema. "Kwenye mazishi ya mtu, shangazi mmoja akaniambia: babu yako alichukua mashua akawaacha wenzake wafe. Tangu siku hiyo, kila tulipokula naye, nilikuwa nikitazama mikono yake."

"Na bwana anafikiri nini?"

"Nafikiri aliwaacha." Alisema bila kusita. "Ninachotaka kujua, kabla sijafa, ni kama walimwita wakimwona anaondoka."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba majina aliyokuwa akiyatafuta mzee ni ya wavuvi waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Mume wangu alifikiri, akasema, "Na daftari la chini ya mto, je? Lile nalo ni la wavuvi?"

Kiwanda cha mume wangu kilifungwa majira ya joto yaliyofuata. Binamu zake walikuwa Buffalo, na walituambia kwamba mtaa wa Riverside, karibu na mto Niagara, una nyumba ambazo watu kama sisi tunaweza kuzipata, na kanisa lenye ibada ya Kiswahili. Tukaamua kuhama. Nilipomwambia mzee, uso wake ulikunjamana.

"Binti yangu amekufukuza."

"Hapana, bwana. Ni kazi ya mume wangu."

"Buffalo. Kati ya miji yote." Nilimwona akinishuku kwamba labda nina mtu ninayemfanyia kazi huko, mjukuu wa mwenye stima, sijui nani. Lakini siku yangu ya mwisho alinipa bahasha. Binti yake alikuwepo, na mlangoni alininyooshea mkono aione. Nikampa. Akaifungua, akasoma mara mbili, akaikunja vizuri.

"Ni habari za stima," alisema polepole. "Anataka ukaangalie habari za stima. Miaka yote hii nilidhani anaandika wosia mwingine."

Hakuwahi kuambiwa lolote na baba yake. Alirudisha bahasha, na sote wawili tukaona aibu kidogo.

Buffalo nilipata kazi katika nyumba ya wazee, na siku zangu za mapumziko nilipanda basi mpaka maktaba ya mjini. Mtunza maktaba wa pale, mzee mwenye sweta la vifungo, alinionyesha mashine ya kusomea magazeti ya zamani. Aliniuliza kama natafuta ukoo wangu. Nikasema hapana, natafuta boila. Alinitazama kama anayeamua acheke au amwite askari.

Nilihitaji siku nne za mapumziko kulipata gazeti lenyewe. Habari ilikuwa fupi. Ilisema fundi ameokoka, akiwa mzima wa mwili, na kwamba vitu vya wenzake vilikutwa kwake: saa ya nahodha, pete, kiko, kisu na barua. Nilisoma mara nyingi nikitumaini nimekosea Kiingereza. Sikukosea.

Nilimpigia simu mzee. Nilifikiria kumficha, lakini nilimkumbuka akisema rudi mistari mitatu, nikaogopa.

"Vilikutwa?" aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Saa na pete."

"Ndiyo, bwana."

Akakata simu.

Wiki mbili nilijilaumu. Mtu amekaa na dukuduku tangu utotoni, nami nimempelekea jibu baya kuliko shaka yake. Nilimweleza mume wangu wakati tunakunja nguo, nikitegemea aseme mambo ya wazungu waachie wazungu. Badala yake alikasirika.

"Gazeti!" alisema. "Wewe unaaminije gazeti? Kwani sisi magazeti ya kule yaliandika nini juu yetu? Waliandika kwamba tumekutwa na silaha. Tulikutwa na nini? Na ng'ombe na masufuria. Nani aliwauliza waliotukuta?"

Neno lile la mwisho lilinikaa. Siku iliyofuata ya mapumziko nilimuuliza mzee wa maktaba kama kuna mtu aliyewauliza waliomkuta fundi. Akasema vyombo vya mvuke vilikuwa na wakaguzi wao, na chombo kikipotea waliita mashahidi. Alitafuta, akapiga simu mbili, akanielekeza kwenye chumba kingine cha kumbukumbu, ambako niliambiwa niweke mkoba kabatini na niingie na penseli tu. Mwanamke aliyekuwa zamu aliniletea boksi, akakaa akinitazama tangu nilipolifungua mpaka nilipolifunga. Sikumlaumu.

Ndani ya boksi kulikuwa na maelezo ya mashahidi, yameandikwa kwa mkono, wino umekuwa rangi ya chai. Nilirudi mara tatu. Sikuelewa maneno yote, kwa hiyo niliyanakili jinsi yalivyo, herufi kwa herufi, hata yale yaliyoonekana kwangu yameandikwa vibaya.

Maelezo ya fundi yalikuwa marefu. Alisema moto ulizimika mirija ilipopasuka, na maji yakaanza kuingia. Aliwaambia wenzake boila halitaamka tena, na kwamba mashua ndogo itawabeba wote sita wakiacha nyavu. Hawakumwamini. Wiki zote zile alikuwa akiwaambia boila ni zima, kwa amri ya mwenye stima, na boila liliendelea kuwarudisha nyumbani. Siku ile walidhani ameshikwa na woga, au anataka waondoke chomboni ili asijulikane kwamba ameharibu kitu. Nahodha akasema upepo utatulia, na chombo kikubwa ni bora kuliko kile kidogo. Fundi akaomba ruhusa ya kwenda kutafuta msaada. Wakampa vitu vyao, kila mmoja kimoja, iwapo mambo yataharibika. Nahodha mwenyewe ndiye aliyefungua kamba.

Lakini hayo alisema yeye, na mtu anaweza kujisemea. Niligeuza kurasa mpaka nikampata mwanamke mmoja, mke wa mkulima wa pwani ya Kanada, ambaye fundi aliingia jikoni kwake. Alisema mtu yule hakuomba maji wala moto. Aliweka mezani saa, pete, kiko, kisu na barua iliyolowa, akataja kila kimoja ni cha nani, akamfanya yeye ayarudie majina yale matano mpaka alipoyashika. Baada ya hapo ndipo akaanguka.

Nilikaa nimeshika penseli. Nilijua kitu chenye thamani kipo mbele yangu, na nilijua pia nani hataniamini.

Simu ilipokelewa na binti. Nilisikia anavyosita aliposikia sauti yangu. "Hayuko vizuri," alisema. "Unataka nini kwake?"

"Nimepata maneno ya babu yake. Naomba asikie. Na wewe usikie, mama."

Akaiweka simu isikike kwa wote. Nikaeleza kwa Kiingereza changu, kwa ufupi, hadi mwisho. Kisha sauti ya mzee, nyembamba kuliko nilivyoizoea:

"Umetunga."

"Sikutunga, bwana."

"Una huruma wewe. Nilikuona. Mara ya kwanza ulinipa ukweli, ukaona umeniumiza, sasa umenitungia."

Binti akasema, "Baba."

"Nisomee kama ilivyoandikwa," mzee aliamuru. "Usinieleze. Nisomee. Ukishindwa neno, taja herufi."

Nikafungua daftari nililonakilia, nikasoma kama nilivyosoma majira yote ya baridi katika chumba kile, kidole kikifuata mstari. Ilichukua muda mrefu. Watoto wangu waliingia kutoka shule, nikawapungia mkono wakae kimya, wakakaa. Nilipofika mahali ambapo fundi anaeleza jinsi alivyopiga makasia, palikuwa na neno ambalo sikulijua hata kidogo. Nikalitaja herufi moja moja.

"Rudia."

Nikarudia.

"Unajua maana yake?"

"Hapana, bwana."

"Wewe," akamwambia binti yake, "unalijua?"

"Silijui, baba."

"Ni kijiti," mzee alisema. "Kijiti kinachochomekwa ukingoni mwa mashua, ili kasia likilalie. Alisema cha kushoto kilivunjika akalizuia kasia kwa kiganja. Hivyo ndivyo umesoma?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nilisikia akivuta pumzi. "Alikuwa na kovu hapo," alisema. "Kiganja cha kushoto. Nililitazama miaka yote nikidhani ni moto wa boila." Halafu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mwingine asiyekuwepo chumbani: "Huwezi kutunga neno usilolijua."

Nikajua swali gani linakuja.

"Walimwita?"

Nikatafuta mstari. Nikausoma kwa Kiingereza chao, kisha nikausema upya kwa maneno yangu ili nami niuelewe: sikusikia sauti, upepo ulikuwa mkubwa, na sikugeuka nyuma.

"Basi huyo hasemi uongo," mzee alisema. "Mwongo angesema walimpungia mkono."

Alifariki kabla ya majira ya kuchipua. Nilipata habari kwa ujumbe wa binti, maneno machache, na chini yake akauliza kama anaweza kuja Buffalo. Alikuja siku ya Alhamisi na maboksi mawili ya karatasi za mzee nyuma ya gari. Tuliyapeleka pamoja kwenye chumba cha kumbukumbu. Kabla hajayatoa mikononi aliomba aonyeshwe boksi la uchunguzi, akalisoma lote kwa haraka ambayo mimi nisingeiweza. Akasimama kwenye ukurasa nilioupita, kwa sababu ulikuwa mfupi. Yalikuwa maelezo ya mwenye stima: kwamba hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu boila. Wakaguzi waliandika chini yake kwamba wameridhika.

Binti aliutazama ukurasa ule, kisha akafungua daftari la injini la babu wa baba yake pale palipoandikwa ameambiwa, na ameambiwa tena. Akamuuliza mwanamke wa zamu kama vitu hivi viwili vinaweza kukaa boksi moja. Mwanamke akasema itabidi ajaze fomu ya ombi, na kwamba watu wa juu yake ndio wanaoamua. Binti akajaza fomu.

Tulipotoka, upepo wa ziwa ulikuwa mkali mpaka tukashindwa kuzungumza. Ndani ya gari aliniambia kwamba wakati ule alikuwa amemwomba wakala aniondoe, mara mbili, na baba yake alikataa mara zote mbili. Nikamwambia nilidhani anangoja baba afe achome karatasi. Akasema, "Labda ningechoma. Sikujua ni nini."

Nikampeleka kwangu Riverside. Nilikuwa nimeacha sombe na samaki jikoni, na bugali ilihitaji kusongwa tu. Alikula kwa mikono baada ya kututazama tunavyofanya, akauliza maswali juu ya majani ya muhogo, akala tena. Kisha akasema theluji inakuja na barabara ya Columbus ni ndefu, akavaa koti, akaondoka kabla haijaanza kuanguka.